Mwongozo kamili: Kupasua tundu la jicho na kutambua msuli wa ziada wa kweli

Katika maabara ya anatomia, kundi linapofika kwenye tundu la jicho, mambo mawili hujirudia. Kwanza, neva ya nne ya fuvu hukatwa kabla mtu yeyote hajaiona. Pili, mwanafunzi hunyanyua ukanda mwembamba kwa kibanio na kuwaita wenzake: "Njooni muone, msuli wa ziada!" Mara nyingi ukanda huo ni kipande alichokichana mwenyewe, au ni utando unaogawa mafuta ya jicho. Halafu inakuja siku ambayo msuli wa ziada upo kweli mezani, na neva yake imeshakatwa. Hapo hakuna tena awezaye kusema ni msuli gani.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa udaktari, uuguzi wa macho na optometria wanaopasua kwa njia ya juu, yaani kupitia paa la tundu la jicho baada ya ubongo kuondolewa. Kanuni inayoongoza kazi yote ni moja: ukanda hauitwi msuli mpaka uonyeshe unapoanzia, unapoishia na neva inayouendesha. Hatua zote zimepangwa ili hayo matatu yabaki salama hadi mwisho.

## Vitu vya kuandaa

- Kisu chenye wembe nambari 15, na wembe wa akiba
- Vibanio viwili vyembamba visivyo na meno
- Mkasi mdogo wenye ncha butu
- Patasi ndogo, nyundo nyepesi, na koleo la kumegea mfupa
- Kalipa ya kupimia milimita
- Uzi wa rangi nne: nyekundu, bluu, kijani, njano
- Bomba la sindano lenye maji
- Kioo cha kukuzia na taa inayoweza kuelekezwa
- Simu au kamera, kama chuo kinaruhusu kupiga picha. Uliza kwanza, na uso usionekane kamwe
- Glavu, miwani ya kukinga macho, na koti

Fungua madirisha. Mvuke wa formalini huchoma macho na koo, na hapa utainama karibu sana na mwili kwa muda mrefu. Miwani usiivue wakati wa patasi, kwa sababu vigae vya mfupa wa paa ni vyembamba na huruka.

Kama unaweza, fanya zoezi kwanza kwa kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni. Mikono itajifunza kuondoa mafuta bila kung'oa neva. Ila kumbuka hili: mbuzi na ng'ombe wana msuli ambao binadamu kwa kawaida hana, unaoitwa retrakta balbi, unaozunguka neva ya kuonea na kulivuta jicho nyuma. Uangalie vizuri ulivyo, kwa sababu tutaurudia kwenye hatua ya 7.

## Ramani ya kuwa nayo kichwani

Misuli ndani ya tundu la jicho ni 7. Mmoja hunyanyua kope ya juu, na 6 huzungusha jicho lenyewe. Kati ya hiyo 6, minne ni minyoofu: wa juu, wa chini, wa upande wa pua na wa upande wa sikio. Miwili ni mishazari: wa juu na wa chini.

Minyoofu yote minne huanzia nyuma kabisa, kwenye pete ya kano inayozunguka mlango wa neva ya kuonea. Kwa pamoja hufanya koni yenye ncha nyuma na mdomo mbele. Mnyanyua kope na mshazari wa juu huanzia hapohapo nyuma, lakini juu kidogo na nje ya pete. Mshazari wa chini ndio pekee unaoanzia mbele, sakafuni, karibu na pembe ya pua.

Neva: ya nne huendesha mshazari wa juu peke yake. Ya sita huendesha mnyoofu wa upande wa sikio peke yake. Ya tatu huendesha mitano iliyobaki, na imegawanyika matawi mawili. Tawi la juu huenda kwa mnyoofu wa juu na mnyanyua kope. Tawi la chini huenda kwa mnyoofu wa upande wa pua, mnyoofu wa chini na mshazari wa chini.

Mgawanyo huu ukariri mpaka uweze kuusema umefumba macho. Msuli wa ziada hauna jina lililoandikwa juu yake, na utambulisho wake wa kuaminika zaidi ni neva.

## Hatua ya 1: Lirudishie jicho umbo lake

Katika mwili uliohifadhiwa, jicho huwa limenywea. Ingiza sindano nyembamba pembeni mwa konea (kioo cha mbele ya jicho) na ujaze maji taratibu mpaka jicho liwe la mviringo na gumu kiasi.

Sababu: jicho la mtu mzima lina kipenyo cha takriban milimita 24. Likinywea, misuli hulegea na kujikunja, na msuli uliojikunja huonekana kama misuli miwili. Vipimo vya hatua ya 9 navyo havitakuwa na maana.

Umefaulu ikiwa ukigusa konea kwa ubavu wa kibanio, inarudi mahali pake. Maji yakivuja baadaye, jaza tena.

## Hatua ya 2: Vunja paa

Ukiwa ndani ya fuvu, ondoa dura (utando mgumu unaofunika ubongo) juu ya paa la tundu. Mulika taa kutoka upande wa uso na utaona sehemu za mfupa zikipitisha mwanga. Anzia hapo, katikati ya paa, kwa kugonga kidogo kwa patasi. Mfupa ukipasuka, weka patasi kando na uendelee kumega kwa koleo.

Endelea nyuma mpaka uondoe bawa dogo la mfupa wa sfenoidi (mfupa wa kitako cha fuvu, nyuma ya macho) na ufungue mfereji wa neva ya kuonea. Usipofika huko hutaona misuli inapoanzia, na bila chanzo hakuna hoja ya msuli wa ziada.

Pembe ya mbele upande wa pua usiiguse. Acha kipande cha paa hapo, upana wa ncha ya kidole chako kidogo. Chini yake, nyuma kidogo ya ukingo wa tundu, ndipo lilipo kapi la mshazari wa juu, yaani kitanzi ambacho kano ya msuli huo hupita na kugeuka.

Onyo la pili: kwa watu wengine uwazi wa hewa wa paji la uso huingia hadi ndani ya paa. Utavunja tabaka moja, utaona chumba kitupu chenye utando laini, na utadhani umefika. Bado. Kuna tabaka la pili la mfupa chini yake.

Umefaulu ukiona utando mweupe unaong'aa kidogo, mzima, na kwa mbali kamba pana ya neva ya paji ikionekana kupitia humo.

## Hatua ya 3: Fungua utando bila kuua neva ya nne

Hapa ndipo wengi huharibu, na huharibu katika dakika za mwanzo. Neva ya nne haipiti ndani ya pete ya kano. Hupita juu yake, ikikatiza juu ya mnyanyua kope kuelekea pua, moja kwa moja chini ya utando huu. Hakuna mafuta mengi ya kuikinga. Ni nyembamba kama uzi wa kushonea.

Bana utando katikati kwa kibanio, uunyanyue, kisha utoboe tundu dogo kwa ncha ya mkasi. Kata kwenda mbele na nyuma kwa kufuata mstari wa neva ya paji, kwa kuwa hiyo ni nene na unaiona. Karibu na ukingo wa mbele, kata mstari wa kukingama. Kisha fungua mikunjo miwili kama kurasa, na ule wa upande wa pua uufungue polepole mno, ukiutenganisha kwa mpini wa kisu badala ya wembe.

Tafuta neva tatu zilizo juu:

- Neva ya paji, kubwa, katikati, imelala juu ya mnyanyua kope.
- Neva ya machozi, nyembamba, inafuata ukingo wa juu wa mnyoofu wa upande wa sikio.
- Neva ya nne, nyuma upande wa pua, inaingia kwenye ukingo wa juu wa mshazari wa juu.

Ifunge neva ya nne uzi mwekundu sasa hivi, kabla ya kufanya kingine chochote. Piga picha.

## Hatua ya 4: Mnyanyua kope, na pengo kati yake na mshazari wa juu

Ondoa mafuta kwa kupanua vibanio kwa mwelekeo wa misuli, nyuma kwenda mbele. Usivute donge zima la mafuta kwa mara moja, maana ndani yake mna neva na vishipa vya damu. Mafuta ya jicho yamegawanywa na vitando vyembamba, na hivyo ndivyo huitwa "msuli" kwa makosa kuliko kitu kingine chochote.

Jinsi ya kutofautisha: msuli uliohifadhiwa una rangi ya kahawia na nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Kitando ni cheupe, hupitisha mwanga, na ukikivuta hutawanyika kama wavu.

Sasa angalia kwa makini pengo lililo kati ya mnyanyua kope na mshazari wa juu. Pengo hili jembamba ndilo lenye tofauti nyingi za kuvutia, na watu hulipita kwa haraka wakikimbilia neva ya kuonea. Mambo mawili yanaweza kuwepo.

Tensa ya kapi. Ni ukanda unaochomoka kwenye ukingo wa mnyanyua kope, upande wa pua, na kwenda mbele hadi kwenye kapi au tishu zinazolizunguka. Kwa kuwa ni mtoto wa mnyanyua kope, neva yake ni tawi la juu la neva ya tatu.

Grasilimasi. Ni msuli mwembamba sana unaoanzia nyuma karibu na chanzo cha mshazari wa juu, unaosafiri sambamba nao hadi kwenye kapi. Neva yake ni ya nne.

Kwa macho matupu, ikiwa umeona nusu ya mbele tu, viwili hivi vinafanana kabisa. Vyote ni vyembamba, vyote vinaishia kwenye kapi. Neva ndiyo inayoamua, na ndiyo sababu nimekusisitizia uzi mwekundu.

Onyo: mbele, karibu na ukingo wa tundu, kuna ukanda mweupe unaokatiza mnyanyua kope kutoka upande wa kapi hadi kwenye tezi ya machozi. Hiyo ni ligamenti ya Whitnall. Kila mtu anayo. Imekingama na haina nyuzi za kahawia.

Umefaulu ikiwa unaweza kupitisha kibanio chini ya mnyanyua kope kutoka upande hadi upande, na kingo zake zote mbili ni safi toka nyuma hadi mbele.

## Hatua ya 5: Mshazari wa juu na kapi lake

Fuata tumbo la mshazari wa juu kando ya ukuta wa pua hadi mbele. Kabla ya kufika kwenye kapi utaona nyama ikigeuka kano nyeupe ya mviringo. Kano hupita kwenye kapi, kisha hugeuka na kurudi nyuma kuelekea upande wa sikio, kama henza ya jahazi inavyopanda mlingoti, ikapita kwenye kapi lake na kushuka upande wa pili kushika foromali. Ukivuta tumbo la msuli kwa kibanio, utaona jicho likizunguka kuelekea pua na kuinamia chini.

Fanya jaribio hilo la kuvuta. Ni kipimo bora cha kujua kama kano ni nzima.

Baada ya kapi, kano hupita chini ya mnyoofu wa juu na kutandaa kama feni juu ya jicho, nyuma ya mstari unaoligawa jicho nusu ya mbele na nusu ya nyuma, upande wa sikio. Kwa hiyo huwezi kuona mwisho wake bado.

Tofauti zinazojulikana hapa ni kano iliyolegea mno, kano inayoshika mahali pasipo pake, na kano kutokuwepo kabisa. Kutokuwepo huonekana zaidi kwa watu waliozaliwa na maungio ya fuvu yaliyofunga mapema, kama wenye sindromu ya Apert au ya Crouzon. Usiandike "haipo" kabla ya kumaliza hatua inayofuata. Kano iliyotandaa ni nyembamba sana, na mara nyingi ipo lakini imeshikana na utando wa jicho.

## Hatua ya 6: Kata mnyanyua kope, kisha mnyoofu wa juu

Kata mnyanyua kope katikati, kata moja safi ya kukingama, na ukunje vipande viwili. Chini yake yuko mnyoofu wa juu. Unyanyue kidogo na uchungulie uso wake wa chini kabla ya kuukata: tawi la juu la neva ya tatu linaingia hapo, sehemu ya nyuma.

Kutoka hapo tawi dogo huendelea kwa mnyanyua kope. Kwa wengine hutoboa mnyoofu wa juu, kwa wengine huzunguka ukingo wake wa upande wa pua. Zote mbili ni za kawaida. Andika uliyoiona, ila usipige kelele.

Ifunge neva uzi wa bluu, halafu kata mnyoofu wa juu mbele ya mahali neva inapoingia. Kipande cha nyuma kibaki na neva yake, cha mbele kikunje juu ya jicho. Sasa mwisho wa mshazari wa juu uko wazi mbele yako.

Jambo moja la mwelekeo: tundu la jicho halitazami mbele moja kwa moja. Mhimili wake unaelekea nje kwa pembe ya takriban digrii 23, na mnyoofu wa juu unafuata mhimili huo. Ukikata kwa kufuata mstari wa katikati wa kichwa, wembe wako utauchana msuli kwa mshazari na kukupa "vichwa viwili" ambavyo Mungu hakuviumba.

## Hatua ya 7: Ndani ya koni

Ondoa mafuta tena, taratibu kuliko mwanzo. Utakutana na ateri ya jicho ikikatiza neva ya kuonea. Kwa watu wengi hupita juu yake, kwa wachache chini. Pamoja nayo kuna neva nasosiliari inayoelekea upande wa pua. Kati ya neva ya kuonea na mnyoofu wa upande wa sikio, takriban sentimita 1 mbele ya pete ya kano, tafuta ganglia ya siliari (kifundo kidogo cha neva). Ni ndogo kama kichwa cha pini, na huipati ukivuta mafuta kwa pupa.

Hapa ndani ya koni, kwa kawaida, hapatakiwi kuwa na msuli wowote. Koni ni ya mafuta, neva na mishipa. Kwa hiyo ukiona ukanda wa kahawia ukitoka nyuma na kushika jicho nyuma ya mahali minyoofu inaposhika, simama.

Huenda ni mabaki ya retrakta balbi, ule msuli uliouona kwa mbuzi. Kwa binadamu huweza kuwa ukanda mmoja au kadhaa, ukianzia kwenye pete ya kano au kuchomoka kwenye mmoja wa minyoofu, na kushika jicho karibu na neva ya kuonea. Neva yake huwa tawi la ya tatu au la ya sita. Kuna pia kanda zinazounganisha mnyoofu mmoja na mwingine kwa kukatiza koni.

Kwa mtu aliye hai jambo hili si la maonyesho. Ukanda wa namna hii hulifunga jicho lisiende upande fulani, na mtoto huonekana ana makengeza yasiyofuata mpangilio wa kawaida wa kupooza kwa neva. Akifanyiwa upasuaji wa misuli ya kawaida tu, jicho bado litakwama, kwa sababu kinachovuta kiko nyuma na hakijaguswa. Picha ya MRI ya tundu la jicho ndiyo huonyesha. Daktari atakayesoma picha hiyo ni yule aliyewahi kushika koni kwa mikono yake na kujua jinsi inavyotakiwa kuwa tupu.

Kabla ya kuandika, fanya ukaguzi huu:

- Je, ukanda una nyuzi za kahawia zenye mwelekeo mmoja?
- Je, ncha zake zote mbili zimeshika kitu, au moja inaning'inia? Inayoning'inia imechanwa.
- Je, msuli wa jirani una jeraha linalolingana na upana wa ukanda? Kama lipo, ni kazi ya kisu chako.
- Je, neva inaingia ndani yake, au inapita tu kando?

## Hatua ya 8: Upande wa sikio, na sakafu

Mnyoofu wa upande wa sikio hauhitaji kukatwa bado. Usukume nje kwa mpini wa kisu na utaona neva ya sita ikiingia kwenye uso wake unaotazama koni. Ifunge uzi wa njano.

Chanzo cha msuli huu huwadanganya wengi. Baadhi ya nyuzi hutoka kwenye pete ya kano na nyingine kwenye bawa kubwa la sfenoidi, hivyo nyuma kabisa huweza kuonekana kama una vichwa viwili. Hilo si la ajabu. Tofauti ya kweli ni pale mgawanyiko unapoendelea hadi kwenye tumbo lote la msuli, au ukanda unapojitenga na kushika mahali pengine kwenye jicho.

Kama neva ya sita huioni kabisa na una hakika hujaikata, fuata tawi la chini la neva ya tatu uone kama limetuma tawi kwa msuli huu. Hali hiyo inajulikana, nayo ndiyo kiini cha sindromu ya Duane: neva ya sita imekosekana au ni dhaifu, na neva ya tatu imechukua nafasi yake.

Kwa sakafu, badilisha njia na uingie kutoka mbele. Vuta kope ya chini, kata utando wake karibu na ukingo wa tundu, na uondoe mafuta. Mshazari wa chini huanzia kwenye kishimo kidogo cha mfupa wa taya la juu, kando tu ya mfereji wa machozi. Unapita chini ya mnyoofu wa chini, kisha unapanda nyuma na kushika jicho chini ya mnyoofu wa upande wa sikio. Kano yake ni fupi mno, karibu nyama yenyewe inashika jicho.

Huu ndio msuli ambao mwisho wake hubadilikabadilika sana. Kugawanyika matumbo mawili au zaidi, na kushika jicho kwa vipande vilivyotengana, ni jambo linaloonekana mara kwa mara. Usishangae, ila hesabu kila kipande. Daktari anayelegeza msuli huu kwa mgonjwa akishika kipande kimoja na kuacha kingine nyuma, msuli utaendelea kuvuta kama hakufanya lolote.

Ukifuata mwisho wake nyuma, nenda pole. Ncha yake ya nyuma iko karibu sana na sehemu ya retina inayoona vizuri kuliko zote.

## Hatua ya 9: Pima vikomo

Jaza jicho maji tena. Safisha mahali kila mnyoofu unaposhika, kisha pima kwa kalipa kutoka ukingo wa konea hadi katikati ya mstari wa kushika. Wastani unaokubalika ni huu:

- Upande wa pua: milimita 5.5
- Chini: milimita 6.5
- Upande wa sikio: milimita 6.9
- Juu: milimita 7.7

Ukiunganisha nukta hizo unapata msokoto unaozidi kujitenga na konea, unaojulikana kwa jina la Tillaux. Tazama kwanza mfuatano, milimita baadaye. Formalini hukausha na kukaza tishu, kwa hiyo tofauti ya nusu milimita isikusumbue. Ila kama mnyoofu wa juu uko karibu na konea kuliko ule wa upande wa pua, pima upya, kisha mwite mwenzako apime bila kumwambia ulichopata.

Pima pia ncha mbili za kila mstari. Mistari mingi imepinda, na ya juu na ya chini huwa imeinama upande mmoja.

Onyo: nyuma tu ya mahali minyoofu inaposhika, weupe wa jicho una unene wa takriban milimita 0.3. Hakuna mahali pengine pembamba kuliko hapo. Ncha ya kisu ikiteleza, jicho linatoboka na maji yote yanatoka.

## Hatua ya 10: Amua, halafu andika

Sasa rudi kwenye kila ukanda uliokutia shaka. Chora mchoro wake kwa mkono hata kama una picha, kwa sababu picha haionyeshi kilicho nyuma ya kingine. Kwa kila ukanda jaza mambo haya: jicho la kulia au la kushoto, chanzo, kikomo, urefu, upana katikati, neva, na tawi gani la neva hiyo.

Ukikosa moja kati ya chanzo, kikomo na neva, andika "ukanda usiotambulika". Hiyo ni rekodi halali na ya kuheshimika. Jina la kubahatisha ni baya zaidi, kwa sababu atakayesoma baada yako hatajua kwamba ulibahatisha.

Kama nyama yenyewe ina shaka, omba ruhusa ya mwalimu ukate kipande kidogo kipelekwe chini ya darubini. Nyuzi za msuli wa hiari zina milia. Kitando hakina.

Kisha pasua jicho la pili la mwili uleule kwa utaratibu huohuo, hata kama ratiba inasema inatosha. Tofauti nyingine huwa upande mmoja, nyingine pande zote mbili, na hilo nalo ni sehemu ya maelezo. Kwa jicho la pili utakuwa unajua pa kusimama, na uzi mwekundu utaufunga mapema zaidi.

Ukishathibitisha msuli wa ziada, usiuondoe. Uache umeshikilia ncha zote mbili, neva ikiwa na uzi wake, funika kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kuhifadhia, na ubandike lebo yenye tarehe, upande na jina la kundi. Mwambie mwalimu siku hiyohiyo, kabla kundi la jioni halijaingia na kuanza "kusafisha" mafuta yaliyobaki.